Msomi na Ng'ombe wa Nyangate

Kama kuna mtu aliyewapenda watoto wa nchi hii, basi ni Walter Momanyi wa Ikonge. Shida ni kwamba aliwapenda kwa Kiingereza. Alikuwa chuo kikuu huko Nairobi, akisomea shahada ya pili katika saikolojia ya makuzi ya watoto na vijana na ulinzi wao, na mwezi wa Agosti mwaka wa sabini na tatu akarudi nyumbani kufanya utafiti. Watu wa Ikonge wana chai ya kuchuma na ndizi za kukata, hawana nafasi ya majina marefu namna hiyo. Wakamwita Daktari wa Watoto, na asubuhi ya kwanza tu mama mmoja akamletea mtoto anayehara. Walter akamweleza kwa upole kwamba yeye hashughuliki na tumbo, anashughulika na akili.

"Akili yake haina neno," mama akasema, akimfunga mtoto mgongoni. "Ni hii tumbo tu." Akashika njia ya zahanati.

Hata hivyo walimshangilia, na kwa nini wasimshangilie? Hakuna mwingine katika ukoo wao aliyekuwa amefika hata kidato cha nne. Alivaa suruali pana miguuni, ikawa inafagia matope ya barabara nzima. Nywele alizifuga hadi kofia za kaka yake zikakataa kuingia, na begani alining'iniza kinasa sauti cha chuo, ambacho hakuruhusu mtu akiguse. Maswali yake ya utafiti alikuwa nayo tayari. Na hitimisho? Hitimisho alikwisha kuliandika kule kule Nairobi, likapigwa chapa vizuri: wasichana wa mashambani huozwa mapema kwa sababu ya ujinga na umaskini wa wazazi wao. Kilichobaki ni kuja kuwatafuta hao wazazi.

Hapo ndipo alipokwama. Profesa wake, Mzungu mmoja mwembamba mwenye kiko, alikuwa amemwagiza awahoji akina mama. Binti yako alipoanza kupevuka ulimwambia nini? Nani alimfundisha mambo ya mwili wake? Sasa we fikiria! Kwetu Gusii kuna kitu kinaitwa ensoni. Ni aibu, lakini ni aibu yenye heshima ndani yake: mzazi na mtoto hawatajiani mambo ya mwili, wala ya ndoa, wala ya kitanda. Na mzazi si yule aliyekuzaa peke yake, ni kila mtu wa rika lake. Kwa hiyo kila mama wa Ikonge alikuwa mama yake Walter. Alipomsomea swali la tatu mke wa mzee wa kanisa, yule mama aliinuka, akaingia jikoni, akajifungia, akazungumza na kuku wake mpaka mtafiti alipoondoka. Walter akaandika kwamba jamii hii haina desturi ya mawasiliano.

Walioweza kumjibu ni mabibi tu, maana kati ya bibi na mjukuu hakuna ensoni, kuna utani. Na mabibi walimjibu, we acha! Walimpa mambo ambayo mashine ile haijawahi kuyasikia tangu itoke kiwandani, na msomi wetu akawa anaizima kila mara, masikio yanamwaka moto. Waumini wa Sabato hao, wanawake wasioonja hata hiyo chai wanayoilima, wakacheka mpaka wakafuta machozi kwa leso.

Basi Jumatano moja ya Septemba akitoka kwenye mahojiano ya namna hiyo, akamkuta dada yake Nyangate katikati ya michai, kikapu mgongoni. Nyangate alikuwa kitindamimba wa kwao, msichana wa miaka kumi na minne, darasa la saba, na kichwa chake kilikuwa chepesi ajabu. Novemba alikuwa afanye mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Mwalimu mkuu alikuwa amesema mbele za watu kwamba kama kuna mtoto wa Ikonge atakayeitwa sekondari mwaka ule, ni huyu.

"Leo si siku ya shule?" Walter akauliza. "Mbona uko huku?"

"Niliachishwa tangu Julai, kaka."

"Nani alikuachisha?"

Nyangate akaendelea kuchuma, majani mawili na kichipukizi, bila kumtazama. "Kuna mtu wa Nyamarambe. Manasseh, yule mwenye kinu cha kusaga unga. Ametoa ng'ombe. Naenda kwake Desemba, niwe mke wa pili."

Walter alisikia damu inampanda kichwani. Tusimwonee, hasira yake ilikuwa ya kweli. Alikuwa amembeba mtoto huyu, alikuwa amemfundisha kuandika jina lake kwa kijiti kwenye vumbi la uani. Lakini tuseme kweli yote: ndani ya hasira ile palikuwa na furaha ndogo ya mtu aliyeokota kitu njiani. Kesi nzima, hai, ndani ya boma lao wenyewe!

"Nisikilize," akasema. "Hilo halitafanyika. Kuwalinda watoto kama wewe ndiyo kazi ninayoisomea. Mimi nitakulinda."

Nyangate akaacha kuchuma. "Kweli, kaka?"

"Kweli."

Mtoto akacheka, mara akalia, kisha akafanya yote mawili kwa pamoja. Jioni ile alitoa vitabu vyake chini ya kitanda, akavipangusa, akaanza kufanya hesabu za vipimo jikoni huku akichochea moto.

Walter naye akaenda moja kwa moja kwa bibi yake, Nyanchera, kwa sababu huko ndiko pekee mtu angeweza kufoka habari za ndoa bila kuvunja heshima. Bibi alikuwa ameketi mlangoni akipepeta wimbi.

"Mume wangu," bibi akamwita, kama mabibi wanavyowaita wajukuu. "Umekuja tena kuniuliza habari za ujana wangu? Washa hiyo mashine."

"Leo sina mchezo, magokoro. Nani amemuuza Nyangate?"

"Kuuza? Kwani mtoto ni mbuzi? Ameposwa."

"Ana miaka kumi na minne! Wako wapi ng'ombe wa huyo Manasseh? Warudishwe leo leo!"

Bibi akauweka ungo chini. Akamtazama mjukuu wake juu mpaka chini, kwenye ile suruali, halafu akaangua kicheko akashika mbavu. "Unaniuliza mimi ng'ombe ziko wapi? Ziko Birongo, mume wangu. Ziko kwa baba ya yule mwalimu wako."

Lazima nieleze hapa. Walter alikuwa na mchumba huko Birongo, mwalimu Bathsheba, msichana mrefu mwenye sauti ya kuita darasa zima bila kengele, na harusi yao ilikuwa imepangwa Desemba. Baba yake Bathsheba, mzee Josiah, alikuwa ametaja ng'ombe kama mtu anayetaja bei ya lori. Mshenga akaenda, mshenga akarudi. Baba yao Walter alikwisha kufariki, hivyo mzigo ukawa wa kaka mkubwa, Machogu, na Machogu alisema neno moja tu: "Wewe soma. Ng'ombe ni kazi yetu." Basi Walter akasoma. Mwezi wa Juni akapata habari kwamba ng'ombe wamefika Birongo salama, akamshukuru Mungu, akafungua kitabu kingine. Hakuuliza walikotoka. Ensoni ina adha zake, lakini ina raha zake pia.

Na jambo lenyewe kila mtoto wa Gusii analijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu: kaka huoa kwa ng'ombe wa dada yake. Dada anaolewa, ng'ombe wanaingia kwa mlango huu. Kaka anaoa, wanatokea kwa ule. Machogu alioa kwa ng'ombe wa dada yao wa kwanza. Ng'ombe wa dada wa pili waliuzwa mmoja mmoja ili Walter asome sekondari. Nyangate ndiye aliyebaki, na Nyangate alikuwa fungu la Walter. Kwenye karatasi zake za chuo hakukuwa na mstari hata mmoja juu ya desturi hiyo. Palikuwa na ujinga na umaskini tu.

"Siku alipozaliwa," bibi akasema, bado anacheka, "ulikuwa kijana wa shule, magoti yamechubuka. Ulipoambiwa ni msichana uliruka juu! Ukakimbia nyumba hadi nyumba: 'Nimepata ng'ombe wangu! Nimepata ng'ombe wangu!' Ama umesahau? Masomo yamefukuza yote?"

Hakuwa amesahau. Alipokuwa anaambiwa alijiona kabisa, anakimbia kati ya migomba, mikono juu. Aliona aibu ikimshuka hadi kwenye nyayo, aibu ambayo bibi hakuikusudia hata kidogo, kwa sababu kwa bibi hiyo ilikuwa hadithi tamu ya mvulana mwenye furaha. Bibi mwenyewe alikuwa ameshamwambia fundi cherehani habari ya gauni la harusi.

Mganga hajigangi, lakini dawa ya ugonjwa huu hata mtoto angeitaja. Walter aende Birongo. Amwambie Bathsheba na baba yake kwamba harusi ingoje, au ife, ng'ombe warudi kwa Manasseh, Nyangate arudi darasani. Hakuna zaidi. Hakuhitaji profesa wala kiko.

Lakini Birongo kulikuwa na afisa wa kilimo, kijana nadhifu mwenye gari aina ya Volkswagen, ambaye alikuwa na tabia ya kusimama mbele ya ile shule ya Bathsheba kukagua udongo. Udongo gani huo wa kukaguliwa kila wiki? Walter alilala na kuamka na Volkswagen ile kichwani. Akajiambia kwamba harusi ikiahirishwa hata mwezi mmoja, kwaheri. Naye alimpenda Bathsheba, hilo hatuwezi kumnyima.

Akamwendea Machogu, aliyekuwa akipalilia, akaanza kuzunguka mbali. Aliongea juu ya ubongo wa kijana, jinsi unavyokomaa polepole. Aliongea juu ya watoto wa Uswisi. Machogu akamsikiliza, mkono juu ya mpini wa jembe.

"Kwa hiyo unataka Nyangate arudi shule," Machogu akasema mwishowe.

"Ingefaa sana."

"Mimi pia ningependa. Mtoto ana akili kuliko sisi sote. Ngoja ninawe mikono, twende Birongo saa hii, wewe mwenyewe useme, turudishe ng'ombe."

"Sikusema twende Birongo."

"Basi umesema nini?"

Walter akatazama matuta. Akasema labda Manasseh angeombwa asubiri miaka minne mitano hivi. Machogu akacheka kwa pua. Mtu ametoa ng'ombe anataka mpishi wa ugali wake, asubiri kidato? "Mimi niliacha shule darasa la nne uende wewe," Machogu akasema, na sasa hakuwa anacheka. "Sikukudai. Nilidhani ukisoma utakuwa mtu wa kutuambia ndiyo ni ndiyo." Akarudi kwenye jembe lake.

Jumapili Walter akakaza moyo, akaazima baiskeli, akaenda Birongo kweli. Njia nzima aliyarudia maneno. Bathsheba alimpokea kwa furaha, akamketisha kivulini, akamletea kikombe cha maziwa. Akamsimulia jinsi alivyopigana na baba mmoja wa darasa lake mpaka akakubali binti yake abaki shuleni. "Nilimwambia kuna mtu wangu anayesomea mambo haya haya," Bathsheba akasema, macho yanang'aa. "Nilijivuna, Walter. Kunywa basi, ni ya leo. Yule mweusi mwenye baka jeupe anatoa vizuri."

Walter akamtazama yule ng'ombe mweusi nyuma ya ua. Akatazama kikombe. Akanywa maziwa yote, akasema ni matamu, akapanda baiskeli.

Nyangate alikuwa anamngojea njiani, kitabu kwapani. "Umesema nao?"

"Suala lako linahitaji kutazamwa kwa mapana yake," Walter akasema.

"Kaka, mtihani ni Novemba."

"Najua."

"Na fomu mwalimu alishanijazia, alisema nirudi tu. Si nirudi tu?"

"Vumilia kidogo," akasema, na toka siku hiyo akaacha kupita njia ya michai. Alizunguka kwa nyuma, kwenye matope, suruali na yote.

Oktoba ikaingia. Profesa akataka jamii ishirikishwe, na chifu, mtu ambaye angeitisha baraza hata la kujadili mwezi mwandamo, akaitikia mara moja. Baraza la Ulinzi wa Mtoto, uwanja wa soko la Ikonge, mgeni wa heshima msomi wetu. Walter akamwalika Bathsheba akae pamoja na walimu, amsikie. Soda zikaletwa kwa kreti, na uwanja ukajaa, kwa sababu ya soda au kwa sababu ya watoto, Mungu ndiye ajuaye.

Hotuba aliiandika Nairobi, miezi kadhaa nyuma, akiwa na joto la vitabu. Hakuipitia tena, kuipitia kungemlazimisha kufikiri, na siku hizo kufikiri alikuwa anakukwepa kama anavyoikwepa ile njia ya michai. Akasimama, akakohoa, akasoma. Alisoma vizuri, mpeni haki yake. Alieleza nafsi ya kijana, akaeleza jamii inayokula watoto wake, wazee wakatikisa vichwa kwa masikitiko kana kwamba wanasimuliwa habari za kabila jingine. Halafu akageuza ukurasa, na sauti yake ikapanda yenyewe:

"Kwa hiyo nasema leo, mbele ya serikali na mbele ya Mungu: msichana yeyote hapa anayeachishwa shule ili aozwe, aje mbele! Aje asimame karibu nami, na mimi nitasimama naye!"

Watu wakapiga makofi. Walter mwenyewe alikuwa ameinua mkono kama mhubiri, na mkono bado uko juu alipotambua alichokisoma.

Msichana mmoja akatoka kwa wanawake, akaja mbele. Akafuata mwingine, mama yake anamvuta gauni, gauni likaponyoka. Wakasimama. Halafu kutoka nyuma kabisa, kwa upande wa kibanda cha kununulia majani chai, akatoka wa tatu. Alikuwa amevaa sare yake ya shule, imemfupia. Watu wakampisha. Makofi yakaanza kupungua, yakaisha. Nyangate akapita katikati ya uwanja mzima, akaja akasimama pale palipotajwa, karibu na kaka yake, akamwangalia.

"Nimekuja," akasema.

Chifu alikuwa mgeni kidogo katika sehemu ile. Akainama mbele. "Huyu naye ni wa nani?"

Machogu alikuwa anatazama viatu vyake. Mama yao, Persis, alijifunika uso kwa leso.

Walter akafungua kinywa. Kulikuwa na neno moja tu la kusema, na alilijua, na lilikuwa fupi. Akamwona Bathsheba katika safu ya walimu, ameketi wima, anamngojea aseme kwa fahari ile ile. Akaiona Volkswagen, ambayo haikuwapo.

"Nyangate," akasema polepole, "sisi tutaongea nyumbani."

Tutaongea nyumbani! Hakuna mtoto chini ya jua hili asiyejua maana ya maneno hayo. Yule msichana wa pili aliyasikia, akageuka, akamtafuta mama yake kwa macho.

Bathsheba akasimama. "Ngoja," akasema. "Kwa nini nyumbani? Wale wengine wanalindwa hapa, huyu nyumbani kuna nini? Nani amemposa? Ng'ombe zake ziko wapi?"

Bibi Nyanchera alikuwa ameketi chini na mabibi wenzake, soda yake imefika nusu. Yeye hakuona siri yoyote hapo. Alidhani mwalimu anauliza kwa sababu hajui, na mtu asiyejua huelezwa. "Ziko kwenu, mwanangu," akaita kwa furaha. "Ndizo hizo zinakuoa!"

Mabibi wakacheka.

Bathsheba aliweka mkono juu ya bega la mwalimu mwenzake. Uso wake ulibadilika kwanza kwa kutoelewa, kisha kwa kuelewa. "Yule mweusi mwenye baka," akasema, si kwa sauti ya darasani. "Nimekunywa maziwa yake tangu Juni." Akamgeukia Walter. "Ulijua?"

"Nilikuwa natafuta njia—"

"Ulijua ukiwa kwetu? Na kikombe mkononi?"

Bathsheba akaja mbele, machozi yanamtoka na hakujali nani anaona. Akamshika Nyangate mkono. "Utakuja kwangu," akamwambia. "Kesho baba yangu atafungulia hizo ng'ombe zirudi zilikotoka. Atapiga kelele, wacha apige. Jumatatu uko darasani kwangu." Akawaangalia wale wawili wengine. "Na nyinyi? Mnabaki na hotuba?"

Wakamfuata. Wakavuka uwanja wote wanne, wakashika barabara, na baadhi ya akina mama wakaondoka nyuma yao, mmoja mmoja, bila kuaga.

Chifu akatazama kreti za soda ambazo hazijafunguliwa. Akatazama ratiba. "Basi, Bwana Momanyi," akasema, "bado una kurasa?"

Walter akasema ndiyo, bado. "Tuendelee," chifu akasema. Naye akaendelea. Alisoma mpaka mwisho, wazee wakapiga makofi.

Ng'ombe walirudi Nyamarambe. Manasseh hakukasirika sana, alilalamika tu kwamba wamekonda, na kabla ya Krismasi alikwisha kupata mahali pengine pa kuwapeleka. Machogu hakuzungumza na mdogo wake kwa majuma. Harusi ya Desemba haikufanyika, na fundi cherehani akamshonea mtu mwingine kitambaa cha lile gauni. Walter alilia, tena kwa sauti, chumbani kwake, na bibi yake akamletea ndizi za kuchoma, akamwambia wasichana ni wengi, dada ndio wameisha.

Lakini kazi ya chuo haingoji. Profesa alifurahishwa sana na habari kwamba msichana wa Ikonge ameokolewa baada ya baraza la mtafiti wake, na akataka mahojiano ya mwisho na msichana huyo. Ndipo siku moja ya soko, katikati ya Desemba, Walter alipokwenda Birongo. Alichagua siku ya soko kwa kuwa alijua mwalimu huwa hayuko nyumbani.

Nyangate alimkaribisha vizuri sana. Mtihani ulikuwa umekwisha. Alisema hesabu zilikuwa rahisi. Alimfutia kiti vumbi, akamkorogea uji wa wimbi, akaketi mbali kidogo, mikono mapajani, macho chini, kama inavyompasa msichana mbele ya kaka mkubwa. Walter akawasha kinasa sauti. Akamuuliza umri, akamuuliza darasa, akamuuliza nani alimsaidia kurudi shuleni.

"Mwalimu Bathsheba."

Swali lililofuata lilikuwa limepigwa chapa zamani, kabla ya yote haya, na liko kwenye kila dodoso. Angeweza kuliruka. Labda sehemu fulani ya moyo wake ilitaka ijibiwe. Akalisoma: "Unadhani ni nani, au ni nini, kilichosababisha upangiwe kuozwa?"

Nyangate akainua macho. Akamtazama kaka yake usoni, mara moja tu, na Walter akaona kwamba analijua jibu, na kwamba liko pale kwenye ulimi wake, neno zima. Mashine ilikuwa inazunguka. Yule mtoto akatazama mashine, akatazama kalamu ya kaka yake iliyokwama juu ya karatasi, akamwonea huruma. Akainamisha tena macho.

"Sijui, kaka," akasema.

Walter akaandika: hajui. Akamaliza uji wake, akashukuru, akaondoka kabla mwalimu hajarudi.